Wageni Wakiondoka, Zahanati Inabaki na Nani?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu mashirika madogo ya hisani kutoka ng'ambo, yale yenye wanachama wachache na ofisi ya chumba kimoja, yanayopeleka huduma za afya na elimu katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu. Nimechagua barua nne. Nimezifupisha, na nimeondoa majina ya waandishi, ya vijiji na ya mashirika yenyewe, kwa kuwa baadhi ya walioandika bado wanafanya kazi pamoja na hao wanaowaulizia. Nami nimefanya kazi na mashirika ya aina hii kwa miaka kadhaa. Nayapenda, na kwa sababu hiyo nitasema wazi pale ninapoona yanakosea.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya afya ya kijiji. Shirika dogo kutoka ng'ambo limeahidi kutujengea zahanati, kutuletea vifaa na jokofu la chanjo linalotumia umeme wa jua. Wazee wanataka tukubali mara moja kabla wafadhili hawajabadili nia. Mimi nina wasiwasi, lakini sijui niulize nini bila kuonekana mtu asiye na shukrani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, wasiwasi wako ni wa mtu anayeijua kazi yake. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara nyingi mwenyeji amepona kweli. Lakini mwenyeji ndiye anayejua panapomuuma, na asipopataja, mgeni atafunga bandeji mahali pasipo na kidonda.

Anza na swali hili: mwezi wa 13, mshahara wa muuguzi utalipwa na nani? Nimetaja mwezi wa 13 kwa makusudi, kwa sababu fedha za mashirika madogo hupatikana kwa michango ya mwaka mmoja mmoja, na mwaka wa kwanza ndio ambao kila mtu bado ana ari. Jengo hujengwa mara moja tu, ilhali mshahara, dawa, glavu, sabuni na usafiri wa kumwahisha mama mjamzito hospitalini hutakiwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na ukijumlisha gharama hizo utaona kwamba muda si mrefu zinaipita gharama ya kuta na bati. Ikiwa serikali ndiyo itakayoajiri muuguzi na kuleta dawa, basi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa pawepo barua ya mamlaka ya afya inayosema hivyo, yenye sahihi na mhuri. Ahadi ya mdomo iliyotolewa mbele ya umati siku ya uzinduzi haihesabiki.

Niliwahi kufika katika zahanati moja iliyojengwa kwa moyo safi kabisa. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimesimama kwenye kona, bado kimezungushiwa nailoni ya kiwandani, kwa sababu miguu yake ya kukiinua na kukishusha ilihitaji ufunguo maalumu uliosahaulika kule kilikotoka. Jokofu la chanjo lilikuwa na mlango uliofungwa kwa kamba, na nilipoomba kuona ndani, muuguzi alilifungua akanionyesha madaftari ya wagonjwa yaliyopangwa vizuri kwenye rafu, mbali na panya. Betri zilikufa msimu wa pili wa mvua, akaniambia, na fundi aliyelifunga alikuwa amekwisha kurudi kwao. Chanjo zikawa zinaletwa katika kasha la baridi siku moja tu ya mwezi, na mama aliyekosa siku hiyo alisubiri mwezi mwingine. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Hakukuwa na mtu aliyeuliza, basi.

Wala zahanati ile haikuwa peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta kwamba takriban asilimia 38 ya vifaa hivyo havifanyi kazi, na sababu zilizotajwa zilikuwa zile zile anazozijua kila muuguzi wa kijijini: mafundi hawakufunzwa, usimamizi wa vifaa haupo, na umeme au maji hayatoshi. Kwa hiyo uliza kuhusu kila kifaa kitakachokuja: nani atafundishwa kukitengeneza, vipuri vyake vinapatikana wapi, na nani atavilipia. Kuhusu jokofu, chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, mchana na usiku. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na nyingine zikiganda zinaharibika vile vile bila dalili yoyote ambayo mzazi ataiona. Waombeni walete jokofu la aina isiyotumia betri, ambalo paneli zake hugandisha barafu mchana na barafu hiyo huhifadhi baridi usiku. Betri ndiyo huwa ya kwanza kufa, na ndiyo inayochelewa kununuliwa nyingine.

Nikiwa na nafasi ya kulishauri shirika hilo jambo moja tu, hata hivyo, nisingegusa vifaa. Ningewaambia waanze na watu. Mwaka 1970 madaktari wawili, mke na mume, Mabelle na Rajanikant Arole, walianza kazi Jamkhed, eneo la ukame katika jimbo la Maharashtra nchini India. Waliviomba vijiji vichague wanawake wao wenyewe wafunzwe kuwa wahudumu wa afya, na wengi waliochaguliwa hawakuwa wamesoma shule. Walijifunza kidogo kidogo, wakirudi kituoni mara kwa mara kuongeza somo, na baina ya somo na somo walikuwa nyumbani kwao, miongoni mwa majirani waliowafahamu tangu utotoni. Mhudumu wa namna hiyo haondoki mradi unapokwisha, kwa kuwa hakuja na mradi.

Nimemwona mmoja kazini, mahali pengine kabisa. Aliketi juu ya mkeka, akamshika mtoto mkono wa kushoto, akatafuta katikati ya bega na kiwiko, kisha akazungusha utepe wa karatasi ngumu wenye rangi tatu. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari: mtoto wa kati ya miezi 6 na miezi 59 ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 unene wa mzunguko ana utapiamlo mkali na anatakiwa kupelekwa kutibiwa. Utepe wa mtoto yule ulisimama kwenye njano. Mhudumu hakusema neno la kutisha. Alimwomba mama amshike mtoto vizuri, akapima mara ya pili, akaandika namba kwenye daftari lililokunjika pembe, na akamwambia mama kwamba atapita tena Alhamisi. Kwa kuwa anaishi nyumba ya nne kutoka pale, mama alijua kwamba Alhamisi atapita kweli.

Sisemi mkatae zahanati. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kuokolewa kwa utepe wa karatasi. Ninachosema ni kwamba bajeti ya shirika iwe na fungu la kufundisha na kulipa watu wa kijijini kabla haijawa na fungu la rangi ya ukuta. Na usiogope kuonekana huna shukrani. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililopitishwa katika mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, linasema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Soma hapo tena neno wajibu. Ukiuliza maswali haya unatimiza wajibu wako, na shirika linalostahili kuaminiwa litafurahi kuulizwa, litaonyesha cheti chake cha usajili na hesabu zake za mwaka uliopita, na litakaa nanyi kuandika makubaliano. Shirika likikasirika, limewaonyesha mapema jinsi litakavyokuwa jokofu litakapoharibika.

SWALI: Ninaishi ng'ambo, na pamoja na wenzangu tumekusanya dawa ambazo watu hawakuzimaliza, nyingi zikiwa bado hazijafika tarehe ya mwisho, pamoja na maboksi ya vitabu vya shule vilivyotumika. Tunataka kuvisafirisha kijijini kupitia shirika dogo tulilounda. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni kwa kuziondoa dawa hizo kwenye shehena yenu. Najua ni jibu gumu kwa watu waliopita nyumba kwa nyumba wakikusanya. Lakini dawa iliyowahi kutolewa kwa mgonjwa na kurudishwa haina mtu anayejua ilihifadhiwa vipi, iwapo ilikaa juani garini au karibu na jiko, na Shirika la Afya Duniani limekataza kuitoa kama msaada tangu mwongozo wake wa kwanza wa mwaka 1996. Mwongozo huo, uliorekebishwa mwaka 1999 na 2010, unataka pia dawa ziwe zimeombwa na wanaozihitaji, ziwe zimeidhinishwa katika nchi zinakokwenda, lebo zake ziwe katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa huko, na zinapowasili ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake.

Masharti hayo yana historia. Wakati wa vita vya Bosnia na Herzegovina, kati ya mwaka 1992 na 1996, ilikadiriwa kwamba tani 17,000 za dawa zilizopelekwa kama msaada hazikufaa kitu. Dawa isiyofaa haitupwi hivi hivi. Inahitaji ghala la kuitunzia, mtu wa kuichambua na tanuru la kuiteketezea, na gharama hizo zote humwangukia yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Fedha mnazotaka kulipia usafirishaji mpeni mfamasia wa kituo akanunue alichoandika kwenye orodha yake. Kwa ugonjwa wa kuhara, ambao bado unaua watoto wengi, pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14 ni vyepesi kubeba, ni rahisi, na vinaokoa maisha.

Kuhusu vitabu, swali la kuuliza ni vimeandikwa kwa lugha gani na kwa kiwango cha nani. Utafiti uliofanywa katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 uligundua jambo lililowashangaza hata watafiti wenyewe: kugawa vitabu rasmi vya kiada hakukupandisha alama za mwanafunzi wa kawaida. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasani, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuisoma lugha hiyo kwa kiwango kilichotakiwa. Ikiwa vitabu vya mtaala wa nchi yenyewe vilishindwa kuwafikia wengi, fikirini vitabu vya mtaala wa nchi nyingine, vyenye picha za theluji na majina wasiyoweza kuyatamka. Mwulizeni mwalimu wa darasa la tatu anahitaji nini. Huenda akataka vitabu vyembamba vya hadithi katika lugha wanayoisema watoto, nakala za kutosha ili wawili wagawane kimoja. Hivyo vinaweza kuchapwa karibu na shule, na fedha zenu zitawalipa pia waandishi na wachapishaji wa huko.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu. Kila likizo yao, shirika moja dogo hutuletea vijana wa kujitolea wanaofundisha kwa wiki mbili. Watoto hufurahi sana, lakini wakiondoka walimu wangu hulazimika kurudia masomo. Nikilalamika, naogopa tutakosa ufadhili wa madawati. Je, niendelee kunyamaza?

JIBU: Usinyamaze, Mwalimu, lakini usiishie kulalamika, wapendekezee kazi nyingine. Katika miji ya Mumbai na Vadodara nchini India, shirika la Pratham, lililoanzishwa mwaka 1995, liliajiri wasichana wakazi wa mitaa hiyo hiyo waliomaliza sekondari. Wasichana hao walipewa mafunzo ya wiki mbili mwanzoni mwa mwaka, kisha kila siku ya shule walichukua kikundi cha watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma, wakawafundisha kwa muda wa saa mbili kusoma na kuhesabu kwa kiwango walichokuwa nacho, bila kujali wako darasa la ngapi. Watafiti walilinganisha shule zilizokuwa na wasichana hao na zile zisizokuwa nao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba alama zilipanda, na waliopanda zaidi ni wale waliokuwa chini kabisa.

Tazama hizo wiki mbili. Ni muda ule ule ambao wageni wako hukaa, isipokuwa kule ulitumika kumwandaa mtu atakayebaki darasani mwaka mzima. Liambie shirika kwamba nauli ya kijana mmoja wa kujitolea ingeweza kumlipa posho msichana au mvulana wa kijijini kwenu kwa muda mrefu. Wakitaka kuja bado, na waje wakae nyuma ya darasa wasaidie walimu kutengeneza vifaa vya kufundishia, au yule aliyesomea ualimu awe na vipindi na walimu badala ya watoto. Fungu la madawati lisifungwe na fungu la wageni; omba yatenganishwe kwa maandishi.

Na hili halina mjadala: mtu yeyote atakayekaa na watoto, awe mgeni au mwenyeji, alete hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, asiachwe peke yake na mtoto, na asipige wala kusambaza picha ya mtoto bila idhini ya mzazi anayeelewa picha itakwenda wapi. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na kaptula iliyochanika ili michango iongezeke atakua, na picha hiyo atakutana nayo siku moja.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa shirika dogo linaloendesha kituo cha afya kijijini. Bodi yetu imeamua kuanza kutoza ada ndogo kwa kila huduma, chanjo na vyandarua vikiwemo, ili watu wathamini wanachopata na kituo kijitegemee tutakapoondoka baada ya miaka miwili. Baadhi yetu tunapinga. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mnaopinga mko sahihi kuhusu chanjo na vyandarua. Dhana kwamba cha bure hakithaminiwi imepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu dawa za minyoo kwa wanafunzi, wazazi walipotakiwa kulipa sehemu ndogo tu ya gharama, waliopokea dawa walishuka kutoka asilimia 75 hadi asilimia 18. Mwaka 2010 ukachapishwa mwingine kuhusu vyandarua kwa wajawazito: bei ndogo iliwakimbiza wengi, na waliopewa bure hawakuwa wazembe kuvitumia kuliko walionunua. Kinga humlinda aliyeipata na jirani yake pia, kwa hiyo kila anayekimbizwa na ada ni hasara ya kijiji kizima. Ada ya matibabu mengine ni mjadala mwingine, na hata huko wekeni utaratibu wa kuwasamehe wasio na uwezo, unaosimamiwa na kamati ya kijiji ambayo inajua nani hana.

Lakini ninalihofia zaidi neno mlilolipitia haraka, kuondoka. Miaka miwili ni muda mfupi, na ada ndogo za kijiji maskini hazitalipa mishahara ya kituo. Anayeweza kuyabeba hayo ni serikali, au shirika kubwa lililojipanga kubaki, na mazungumzo nao yaanze mwezi huu. BRAC, ambayo leo ni miongoni mwa mashirika yasiyo ya kiserikali makubwa kuliko yote duniani, ilianza mwaka 1972 katika eneo moja la Bangladesh lililoharibiwa na vita. Ilipoamua kufundisha kina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayehara, ilipita nyumba kwa nyumba kwa takriban miaka kumi na kuzifikia kaya zaidi ya milioni 12, na malipo ya wafundishaji yalitegemea kiasi ambacho kina mama walikumbuka wakaguzi waliporudi kuwauliza. Ninyi hamtafikia milioni 12, wala hamhitaji. Lakini mnaweza, katika miezi 24 iliyobaki, kurudi kwa kila mama katika vijiji mnavyovihudumia na kuuliza anakumbuka nini.

Kwenye kikao kijacho cha bodi, wewe ukiwa mweka hazina, peleka karatasi moja yenye safu tatu: kila gharama ya mwezi ya kituo, nani anailipa sasa, na nani ataichukua na kuanzia tarehe gani. Safu ya tatu ikiwa na nafasi tupu, tarehe ya kuondoka isogezwe mbele mpaka ijazwe. Karatasi hiyo ibandikwe pia ukutani kituoni, kwa lugha ya kijiji, ili wahudumu na wagonjwa waisome.